Maswali ya Walimu: Sijui kompyuta, nitaongozaje TEHAMA?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi wilayani Kondoa. Tulipata vishikwambi, vile vilivyogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022, na umeme upo. Tatizo ni mimi. Kompyuta nimekutana nayo ukubwani, naogopa hata kubonyeza nisije nikafuta kitu. Tunaye kijana wa ajira mpya ambaye ndiye anajaza PReM na SIS, mifumo ya taarifa za wanafunzi na za shule, anawajazia wenzake PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, na kuchapa mitihani yote. Wenzake wameanza kumnung'unikia, na vishikwambi vingi viko majumbani, watoto wanachezea gemu. Sasa Afisa Elimu Kata anataka taarifa ya matumizi ya TEHAMA katika ufundishaji. Je, nimkabidhi kijana uongozi wa jambo hili, mimi nibaki na mengine?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Uratibu mpe. Uongozi usimpe.

UNESCO ina mwongozo wa umahiri wa walimu katika TEHAMA, toleo la karibuni ni la 2018. Unataja maeneo sita: kuelewa sera, mtaala na upimaji, mbinu za kufundishia, stadi za kidijitali, uendeshaji wa shule, na mwalimu kujiendeleza. Hizo stadi za kifaa zinazokunyima usingizi ni eneo moja tu. Hayo matano mengine ndiyo kazi yako ya kila siku, na kijana wa ajira mpya bado anajifunza kwako.

Tena tazama anachofanya sasa. Kujaza mifumo ni kazi ya ofisi. Ni muhimu, lakini mtoto wa Darasa la Tatu hajanufaika nayo hata kidogo, na Afisa Elimu Kata amekuuliza habari za darasani.

Kwa hiyo anzia darasani. Bila shaka mnakutana kwenye Jumuiya ya Ujifunzaji chini ya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini. Kikao kijacho, kila mwalimu wa Hisabati aje na kishikwambi chenye picha za kurasa chache za madaftari ya wanafunzi wake. Kurasa tu, bila majina wala sura. Chukua swali kama 402 kutoa 178. Utakuta watoto kadhaa wameandika 376, na mwalimu amepiga mkasi akaendelea. Ikuzeni picha hiyo muitazame pamoja. Mtoto huyu hakubahatisha: kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, 8 toa 2, 7 toa 0, 4 toa 1. Ana kanuni yake kichwani, na anaifuata kwa uaminifu. Hajui kwamba sifuri ya katikati inamlazimu akope kwenye mamia kwanza ndipo afike 224. Hapo walimu wataanza kubishana namna ya kumfundisha, kwa vijiti au kwa jedwali la nafasi za tarakimu, na ubishi huo ndio umahiri unaokua mbele ya macho yako. Wewe ndiye wa kuuongoza. Kilichohitajika kwenye kifaa ni kamera, na kamera kila mwalimu wako anaijua.

Walimu wa Darasa la Kwanza na la Pili wawarekodi watoto kwa kishikwambi wakisoma aya fupi, kisha wasikilize darasa likishatulia. Sikio la mwalimu mwenye watoto wengi mbele yake haliwezi kunasa kila silabi iliyorukwa. Baada ya mwezi wamrekodi mtoto yuleyule kwa aya ya kiwango hichohicho, walinganishe. Hakuna bando linaloliwa hapo.

Bando likipatikana, anayehitaji kitabu aingie maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, vitabu vya kiada vinasomwa bure. Hilo mwambie kijana awaonyeshe wenzake, kila mmoja akishika kishikwambi chake mwenyewe. Asiwashikie. Vivyo hivyo PEPMIS: ni tathmini ya mtumishi binafsi, kila mtu ajaze ya kwake, yeye akae pembeni kuelekeza. Manung'uniko mengi yatapungua, naye atapata muda wa kuandaa vipindi vyake, maana naogopa mnamgeuza karani mkiwa na upungufu wa walimu. Wewe pia kaa kwenye mafunzo hayo, mbele, uulize maswali yako kwa sauti. Walimu wenye umri wako wanaona aibu kama wewe. Wakikuona unauliza, nao watauliza.

Nywila za shule zisibaki kichwani mwa mtu mmoja. Kijana akipata uhamisho nywila ikiwa haijulikani, utahangaika. Na sauti au picha za wanafunzi zisitupwe kwenye makundi ya WhatsApp. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, mtoto wa mtu si wa kuanikwa akishindwa kusoma.

Vishikwambi virudi shuleni siku za vipindi, kwa daftari la kusaini. Sema hivyo bila kumgombeza mtu: hawakuwa wameambiwa vitumikeje.

Afisa Elimu Kata mwandikie ukweli: vifaa vipo, ufundishaji navyo ndiyo unaanza, somo mnaloanza nalo ni kutoa kwa kukopa Darasa la Tatu. Kisha mwalike kwenye kikao chenu cha Jumuiya.