Maswali ya nyama: taja joto kwanza, siku baadaye

Ng'ombe atundikwe siku ngapi kabla ya kukatwa vipande?
Swali hili linarudi kila mara, na kila mara hamtaji joto. Kwenye chumba cha baridi cha nyuzijoto 0 hadi 4, siku 7 hadi 14. Vimeng'enya vya nyama yenyewe ndivyo vinavyoilainisha, na sehemu kubwa ya kazi yao huisha ndani ya wiki hizo mbili. Wanaofika siku 28 wanatafuta ladha, tena kwa ng'ombe walionona. Zebu wetu aliyekonda hana mafuta ya kumkinga. Wiki moja yamtosha. Ukizidisha, unakausha kilo zako mwenyewe.

Sina chumba cha baridi. Nikimtundika chini ya mwembe usiku kucha?
Hapana. Uza siku hiyohiyo. Na msiniulize tena habari za limau na siki: haziokoi nyama iliyoharibika.

Mbuzi je?
Siku moja au mbili, baridini.

Maini?
Pika leo.

Nilichinja asubuhi, adhuhuri nyama yote ikawa kwenye friza. Mbona haitafuniki?
Umeiwahi mno. Misuli ya ng'ombe aliyetoka kuchinjwa bado ina nguvu ya kujikunja. Ikishuka chini ya nyuzijoto 10 kabla ya muda wa saa kama 10 kupita tangu achinjwe, hujikunja na kukaza, hasa ukishaitoa kwenye mfupa, maana hakuna tena cha kuivuta. Na ikishaganda, vimeng'enya navyo husimama. Hiyo sasa ni ya supu. Papai bichi litakusaidia juujuu tu.

Nyama ni nyeusi, inanata, lakini hainuki. Mwenye bucha anasema ni damu.
Mara nyingi ni uchovu. Ng'ombe aliyesafirishwa kwa lori, akapigwa fimbo tangu mnadani, akachinjwa palepale, amemaliza sukari ya misuli. Bila sukari hiyo asidi inayotakiwa haipatikani, nyama inakuwa nyeusi na huharibika upesi, kwa hiyo usiitundike siku nyingi. Mnabishana juu ya siku za kutundika, na ng'ombe hamjampa hata maji na usiku mmoja wa kupumzika!

Ng'ombe kafa zizini usiku, bado ana joto. Tumwahi?
Msimguse. Huenda ni kimeta. Ukimpasua, vijidudu vyake huingia udongoni na kukaa miaka mingi, na wanaochuna ndio huugua kwanza. Mwite daktari wa mifugo, na mbwa wafungwe.