Je, kufunga soko la kuku siku moja kunasaidia?
Umeuliza kama kulifunga soko la kuku siku moja kwa mwezi ni kinga ya kweli au ni kuwasumbua wachuuzi tu. Inasaidia, mradi siku hiyo soko libaki tupu kabisa. Virusi vya mafua ya ndege hudumu sokoni kwa sababu kuku wa jana ambao hawakuuzwa huwaambukiza wa leo, na mnyororo haukatiki. Ndiyo maana Hong Kong, baada ya H5N1 (aina ya mafua ya ndege) ya 1997 iliyoambukiza watu 18 na kuua 6, ilileta siku za mapumziko ya soko mwaka 2001, kisha mwaka 2008 ikapiga marufuku kulaza kuku hai sokoni. Kwa maoni yangu hilo la pili ndilo lenye nguvu zaidi.

Kuhusu usafi, usimwage dawa juu ya kinyesi, maana uchafu huimaliza nguvu. Kwangua kwanza, sugua kwa maji na sabuni, ndipo upulize dawa. Matenga ndiyo yanayosahaulika, hasa pembe za chini ambako manyoya na kinyesi huganda. Tenga la mbao halisafishiki sawasawa. La plastiki ni afadhali. Likirudi shambani bila kuoshwa, limeupeleka ugonjwa hadi bandani.

Bata wauzwe mbali na kuku, kwani wanaweza kubeba virusi bila dalili yoyote. Na kuku aliyeingia sokoni asirudishwe nyumbani. Hapo wachuuzi watalalamika, na wana haki, kwa hiyo pawe na machinjio karibu ya kuwapokea kuku waliobaki jioni.