Hesabu Kuanzia Magharibi: Kwa Wewe Unayeanza Kupiga Picha za Harusi

Ukutani kwangu pana kalenda ya nyakati za sala, zile zinazopatikana misikitini kila mwaka. Mimi ni Mkristo, na wateja wakiiona huwa wananitania. Lakini ile safu ya magharibi ndiyo inayoniambia jua linazama saa ngapi kila siku, na ratiba yote ya harusi naipanga kwa kurudi nyuma kutoka hapo.

Watu husema sisi wa karibu na ikweta jua halibadiliki. Hapa Dar es Salaam mwishoni mwa Mei linazama kama saa 12 na dakika 12 jioni, na mwanzoni mwa Februari linafika saa 12 na dakika 46 hivi. Mkulima hana shida na nusu saa hiyo. Wewe picha zako zote nzuri zinaishi humo. Halafu jua la huku linashuka wima. Adhana ya magharibi ikisikika, umebakiwa na dakika kama 20 za mwanga wa buluu, kisha giza. Wapiga picha wa Ulaya unaowatazama kwenye simu wanatembea na maharusi jioni saa nzima bila haraka. Watazame, jifunze mikao yao, lakini ratiba yao waachie.

Sasa tazama Jumamosi ya kawaida. Kadi inasema ibada saa 9 alasiri. Bibi harusi yuko saluni, shela limegoma kukaa, ibada inaanza saa 9 na nusu. Mahubiri. Saa 11 mko nje ya kanisa, na hapo ndipo wageni wengi wa kazi hii wanapoumia, maana picha za pamoja hawakuzipangia muda: wazazi wa huku, wazazi wa kule, kwaya, wafanyakazi wenzake bibi harusi, kamati, tena kamati kwa sababu mhazini alikuwa anajibu simu. Dakika 40 zimekwenda. Kisha msafara, matarumbeta mbele juu ya kirikuu, foleni nyuma. Mnafika ufukweni saa 12 na dakika 20. Ikiwa ni Februari, una pumzi. Ikiwa ni Mei, jua lilishaaga.

Ndiyo maana nasema kazi hii inafanyikia kwenye kikao kabla ya kufanyikia kwenye kamera. Omba dakika tano kwenye kikao cha kamati, si kile cha mwisho, maana pale kila kitu kimeshafungwa na mwenyekiti hataki kusikia neno jipya. Usiwaeleze habari za mwanga. Waeleze saa: "Siku hiyo jua linazama saa 12 na dakika 15. Naomba tuwe tumeshuka kwenye gari saa 11 kamili." Ibada ianze mapema zaidi, saa 7 au saa 8 mchana. Picha za pamoja ziwe makundi sita, orodha ashike mtu wa familia mwenye sauti, asiwe wewe. Wakikataa kusogeza ibada, pendekeza maharusi wapigwe picha zao asubuhi ya siku ya pili. Wachache hukubali, na hao ndio ambao picha zao naziweka mbele kwenye albamu ya kuonyesha wateja.

Ndoa za Kiislamu za Pwani zina unafuu wake. Nyingi hufungwa baada ya sala ya alasiri, kwa hiyo una kipande kizuri kati ya alasiri na magharibi, mradi ujue mapema bwana harusi akitoka msikitini anakwenda wapi. Na kama wewe ni mwanamume, uliza mapema zaidi nani atapiga picha upande wa wanawake. Usingoje kuambiwa mlangoni.

Kosa langu la mwaka wa kwanza bado linaniuma. Bibi harusi alinionyesha picha ya jua likizama baharini, nikamjibu, "Hiyo ndogo, twende ufukwe wa Coco." Tulifika kwa wakati, kwa mara ya kwanza maishani. Nikawasimamisha, migongo baharini, nikangoja. Jua likazama nyuma yangu, upande wa barabara na maghorofa. Coco imetazama mashariki! Nilizaliwa mji huu na sikuwahi kuliwaza hilo. Jua la baharini la Dar ni la alfajiri. Picha aliyonionyesha ilikuwa ya Unguja, ambako Mji Mkongwe umetazama magharibi, na Nungwi na Kendwa vilevile. Paje na Jambiani ni mashariki kama sisi. Tangu siku hiyo naenda kila mahali siku kadhaa kabla, saa ileile nitakayopigia picha, nasimama pale pale.

Nikiwa pale nafanya jaribio moja lisilohitaji kamera. Nyosha mkono, kunja ngumi, zunguka polepole ukiitazama. Upande mmoja vifundo vina vivuli vikali kama mabonde, upande mwingine ngozi inakuwa laini, mwanga unapita bila kukwaruza. Ukiona ngumi imependeza, simama. Uso wa bibi harusi utatazama huko.

Jua la utosi lina mambo yake. Dar jua linapita juu kabisa ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo za Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Adhuhuri ya siku hizo kivuli kinalala chini ya miguu yako, na macho ya maharusi yanakuwa mashimo mawili. Usipambane. Tafuta baraza au veranda, waweke hatua moja ndani ya kivuli, nyuso zielekee nje. Ukuta mweupe ulio mbele yao unapigwa na jua na kuwarudishia mwanga usoni, bora kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua. Chini ya mwembe ni pazuri lakini tazama nyuso: majani huzitia ukijani, na gauni jeupe ndilo la kwanza kukusaliti. Hilo gauni, kamera ikiliona limejaa kioo kizima, inaligeuza kijivu. Likiwa juani karibu na suti nyeusi, pimia mwanga kwenye gauni, lesi isiungue, yaani isigeuke doa jeupe tupu, uso uutengeneze kwa flashi ndogo au kwa kuwageuza. Lesi ikishaungua hakuna programu itakayoirudisha.

Juni hadi Agosti jua liko upande wa kaskazini hata adhuhuri, kivuli kinalala kidogo kusini, na nyuso zinapata nafuu. Mimi nauita msimu wa mpiga picha mvivu. Shida yake pwani ni kusi. Mweke bibi harusi aupokee upepo kwa uso, shela liende nyuma. Ukimgeuza, utapiga picha nzuri sana za shela. Moshi na Arusha miezi hiyohiyo ni baridi na wingu. Mteja anayetaka Mlima Kilimanjaro nyuma yake mwambie ukweli: mlima huonekana zaidi alfajiri, mchana hujifunika. Desemba, Wachaga wakirudi nyumbani na harusi zikifuatana, ndiyo swali utakaloulizwa kila wiki.

Masika yanawatisha wageni wa kazi hii kuliko inavyostahili. Kwaresima ikiisha, harusi za kanisani zinarundikana Aprili na Mei, katikati ya mvua. Mwaka 2026 Kwaresima na Ramadhani zilianza juma moja, kwa hiyo foleni ya harusi ilifunguliwa pande zote mbili karibu wakati mmoja. Lakini wingu ni shuka jeupe lililotandwa juu ya mji. Unaweza kupiga picha saa 8 mchana na nyuso zikatoka laini kama za jioni. Beba miavuli miwili mikubwa, myeupe. Mwekundu utawapaka maharusi rangi ya nyanya. Kinachoniogopesha masika ni barabara, si maji ya mvua. Bonde la Jangwani likijaa maji, kanisa la Magomeni na ukumbi wa Upanga vinakuwa miji miwili tofauti. Uwe na sehemu ya pili ya picha ambayo iko upande uleule na kanisa.

Na joto lina mtego mdogo. Ukitoka kwenye chumba cha hoteli chenye kiyoyozi kwenda nje, lenzi inatanda ukungu papo hapo. Nilikosa bibi harusi akitoka mlangoni na baba yake kwa sababu hiyo. Kila picha ni kama wako kwenye mvuke wa pilau. Siku hizi kamera moja inabaki nje na msaidizi robo saa kabla.

Ukipata kazi ya Paje, jua peke yake halitoshi, uliza na maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hutoka mbali sana na kuacha mchanga, mwani na vijiti vya wakulima wa mwani. Wapo maharusi wanaoupenda uwazi huo. Waliolipia mawimbi watakuuliza bahari iko wapi. Mvuvi yeyote atakwambia maji ya Jumamosi ijayo yatakuwaje.

Wiki iliyopita nilimwandikia mwenyekiti wa kamati asubuhi ya harusi kumkumbusha: tushuke kwenye gari saa 11 kamili. Akanijibu, "Mpiga picha, tuko pamoja, ila mama mzaa chema ndiyo kwanza anaingia saluni." Nikaongeza betri za flashi kwenye begi.