Kabla ya kumlaumu jirani, tazama bamvua

Kipimo changu cha chumvi, kile kidogo mfano wa kalamu, hakikumaliza wiki mbili kabla hakijanigombanisha na jirani. Kisima chetu hapa Lamu kilisoma miligramu 900 kwa lita. Wiki moja baadaye, 1,300. Naye ndio kwanza kafunga pampu ya umeme. Nikabisha hodi kwake, daftari mkononi.

Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Siku hizo mwanangu, maji yalikuwa bamvua au mafu?"

Bamvua ni siku bahari inapojaa na kupwa sana, maji mafu ni siku inapojaa na kupwa kidogo. Sikuwa nimeandika. Nikarudi nyumbani kuhesabu mwezi: mara ya kwanza maji mafu, mara ya pili bamvua. Nilikuwa nimepima bahari, si pampu.

Maji matamu ya kisiwa kama hiki huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Kwa hesabu ya wataalamu, kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari imebebwa na mita 40 hivi chini yake. Ukiyashusha nusu mita kwa kuchota, chumvi ina nafasi ya kupanda mita 20. Kwa hiyo pampu ya mzee haiko safi moja kwa moja, lakini kuithibitishia hatia kunataka daftari la mwaka mzima. Na ndiyo maana vilima vya mchanga vya Shela, kijiji cha hapahapa kisiwani, vinaleta maneno kila mtu akitaka kujenga huko: mvua ya kisima cha mji huingilia pale.

Basi chagua kisima kimoja, upime alfajiri kabla ndoo hazijaanza kushuka, na uandike pembeni tarehe ya mwezi mwandamo, maji yanajaa au yanakupwa, na mvua ya mwisho ilinyesha lini. Chupa ifunge jiwe, ishuke kina kilekile kila mara. Mwisho wa kaskazi ndipo chumvi hupanda zaidi, usikose kupima. Chini ya 600 maji yananyweka vizuri. Ukipita 1,000 chai yenyewe itakwambia.

Lakini utamu si usafi, na hapa ndipo wengi tunapoponzwa. Kisima kitamu kuliko vyote nilivyopima, 400 tu, kina choo cha shimo hatua kumi na mbili kutoka ukingoni. Kipimo cha chumvi hakioni kinyesi. Tumia zile chupa zenye karatasi ya dawa, ambazo hugeuka nyeusi zikionja dalili ya bakteria wa kinyesi: jaza maji, weka mahali penye joto, tazama kesho na keshokutwa. Yangu iligeuka nyeusi kama wino wa pweza kabla ya adhuhuri ya siku ya pili, na tangu hapo maji yale hatuyanywi bila kuchemsha.

Ila ikigeuka nyeusi papo hapo, na maji yananuka yai viza, usiuite mtaa. Huenda ni salfa ya kisima chenyewe. Hapo weka sampuli kwenye barafu, ifike maabara ndani ya saa 24, maana yake uiwahi boti ya asubuhi.