Msaidizi Wangu Anaitwa «nipe»: Jibu kwa Msomaji wa Morogoro

Juma lililopita msomaji mmoja wa Morogoro aliniandikia akitaka kujua anunue programu gani ili kompyuta yake imletee kila asubuhi hali ya hewa na bei ya euro, bila kufungua kurasa zilizojaa matangazo. Hana haja ya kununua chochote. Msaidizi ninayemtumia nimemuunda mwenyewe kwa zana za bure, curl inayochota data mtandaoni na jq inayoichambua, na anaishi kwenye mstari wa amri, yaani dirisha la kuandikia kompyuta amri kwa maneno, mahali ambapo wenzangu ofisini walipaona na kusema ni mchezo wa mtu asiye na kazi. Maneno hayo sijayasahau, hasa kwa kuwa baadhi yao sasa hunipigia simu asubuhi kuniuliza euro imefika ngapi.

Wangejua historia wasingecheka. Katika miaka ya 1990 Daniel Stenberg wa Sweden alitaka roboti yake ya gumzo iwajibu watu kuhusu viwango vya kubadilisha fedha, akashughulikia programu ndogo ya kuvichota mtandaoni, na programu hiyo ndiyo iliyokua ikaitwa curl mwaka 1998.

Mimi nilianza na swali moja tu. Ukiandika curl "wttr.in/Morogoro?format=3", yaani kuiuliza huduma ya hali ya hewa ya wttr.in, unaletewa mstari mmoja wenye jina la mji na nyuzijoto. Usiziache alama za nukuu, kwani baadhi ya mifumo huielewa alama ya kuuliza kwa namna nyingine. Baadaye nilihamia Open-Meteo, huduma nyingine ya hali ya hewa, ambayo haidai ufunguo (msimbo wa siri wa kukutambulisha) kwa matumizi yasiyo ya kibiashara. Jibu lake huja katika muundo wa JSON, yaani maandishi yaliyopangwa kwa majina na thamani zake, nayo jq hulichambua na kukuachia namba unayoitaka.

Fedha zina ugumu wake. Huduma nyingi za bure hutegemea viwango vya Benki Kuu ya Ulaya, ambavyo hutolewa siku za kazi tu na havina shilingi ya Tanzania wala ya Kenya, kwa hiyo itakubidi utafute huduma inayotaja TZS, msimbo wa shilingi ya Tanzania, na huko mara nyingi utajiandikisha upewe ufunguo. Uweke ufunguo huo katika faili lake peke yake, ulifunge kwa amri ya chmod 600 ili wewe peke yako uweze kulisoma, na usiuandike kamwe ndani ya skripti (faili la amri) ambayo kesho utampa rafiki.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapotaka njia ya mkato. Kumfanya msaidizi ajibu ni kazi ya jioni moja. Kazi yenyewe ni kumfanya aseme kweli anaposhindwa. Seva ikirudisha kosa la 404, yaani ukurasa haupo, curl kwa kawaida huhesabu kwamba imefaulu na kukukabidhi ukurasa wa kosa kana kwamba ndio jibu. Ndiyo maana mimi huandika curl -fsS --max-time 10, ili kosa lihesabiwe kuwa kosa, lionekane, na nisingoje bila mwisho mtandao unapokuwa mzito. Jibu zuri msaidizi wangu hulihifadhi kwenye faili pamoja na saa lilipopatikana, na kabla ya kuuliza tena hutazama kama saa moja imepita, kwa sababu anayeuliza mfululizo hurudishiwa kosa la 429, yaani umeuliza mno, na anastahili. Mtandao ukikatika, hunipa bei ya mwisho na kutaja ni ya lini. Atakayekupa bei ya juzi akanyamaza, mfute hata kama ana rangi za kupendeza.

Yote haya nimeyakusanya katika skripti moja niliyoiita nipe, ambayo hupokea neno moja, kama nipe hewa au nipe euro, na kila swali jipya huongezwa kama kipande kinachojitegemea. Kwa wasio na kompyuta, Termux, programu inayokupa mstari wa amri kwenye simu ya Android, inatosha: pkg install curl jq, kisha endelea kama nilivyoeleza.