Dawa ya Pamba Haiingii Chumbani

Kunguni wamejaa kitanda cha kamba. Nina dawa ya pamba iliyobaki, nichanganye kiasi gani? (Bariadi)

Usichanganye hata kifuniko kimoja. Swali hili linaletwa kila msimu wa pamba na jibu ni lile lile. Dawa ya shamba imetengenezwa kwa jani linalopigwa jua na mvua, si godoro ambalo mtoto analala kifudifudi usiku kucha. Tena kunguni wengi wameshazizoea sumu hizo, kwa hiyo atakayeumia ni mtoto.

Toa kitanda nje. Fungua kamba zote uzichemshe pamoja na mashuka. Kagua maungio ya matendegu: ukiona vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu, hicho ni kinyesi chao, na mayai yako hapo hapo. Mimina maji yanayotokota polepole, birika likiwa karibu kabisa na ubao, maana maji yakishapoa hayaui mayai. Ziba nyufa za ukuta. Rudia siku ya 7 na ya 14, kwa sababu mayai huanguliwa ndani ya wiki moja hadi mbili. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa: wanafanya mara moja, wanalala vizuri siku tano, kisha wanasema maji hayafai. Kuanika godoro peke yake hakutoshi, kunguni wanahamia upande wa kivuli.

Chandarua kipya kinawasha uso. Nikifue kwa jiki?

Hapana! Kianike kivulini siku nzima kabla ya kukitundika. Kikichafuka, tumia sabuni ya kawaida na maji baridi, kisha anika kivulini tena. Jiki na jua kali vinaua dawa. Na anayezungushia bustani ya mchicha chandarua kizima, huku watoto wanaumwa na mbu ndani, akakitundike leo hii.

Kupe amemng'ang'ania mtoto, nimwagie mafuta ya taa?

Usimwage. Mshike kwa kibano karibu na ngozi, vuta wima bila kuzungusha, osha kwa sabuni.

Tunaumwa usiku, asubuhi hatuoni mdudu. Homa inakuja, inapoa, inarudi. Kipimo cha malaria hakioni kitu. (Mpwapwa)

Wafikirieni papasi, kupe laini wanaoeneza homa inayorudirudi. Hukaa kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka gizani, hunyonya kwa dakika chache hadi nusu saa, kisha hurudi ufani. Ndiyo maana hamumwoni. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuonyesha homa ya papasi. Nendeni kituo cha afya homa ikiwa juu, mseme wazi kwamba mnalala nyumba ya udongo, muombe damu iangaliwe kwa darubini. Mjamzito asisubiri hata siku moja, homa hii inaharibu mimba.

Nyumbani, msilale chini, na kitanda kisiguse ukuta. Saruji ndiyo dawa ya kudumu. Kama fedha hakuna, kandikeni sakafu upya kila ufa unapoonekana, hasa pembeni panapokutana na ukuta. Msihamie nyumba iliyoachwa mkidhani ni salama: papasi huishi miaka bila kula.

Funza: pini moja kwa watoto watatu inafaa?

Haifai kabisa. Kila mtoto pini yake, iliyochemshwa. Funza ni uvimbe mweupe wenye nukta nyeusi katikati. Mtoe mzima, usimpasue ndani. Ulizeni kuhusu chanjo ya pepopunda. Nyunyizeni maji kabla ya kufagia, na nguruwe na mbwa wasilale mnapolala.

Siafu wameingia ndani, nipulizie nini?

Usipulizie kitu. Toa mtoto mchanga, mgonjwa na kuku waliofungiwa, subiri wapite. Watakula na mende wako.

Chupa ya dawa ya shamba ikiisha, naweza kuwekea mafuta ya kula?

Hapana, hata ukiiosha mara kumi. Isuuze mara tatu, maji ya kusuuzia yamwage kwenye bomba la kupulizia shambani, kisha itoboe kitako ili asiiokote mwingine.