Nyuzi au operesheni ndogo ya uso?

Dada, umesema una miaka 54, mashavu yameanza kuning'inia kwenye taya, na umeshauriwa uwekewe nyuzi, zile zinazopitishwa chini ya ngozi ili kuivuta juu, badala ya kupigwa kisu. Kaa kwanza mbele ya kioo. Weka vidole viwili mbele ya masikio, vuta ngozi juu kidogo, kama sentimita moja. Taya ikinyooka, basi shida yako ni kulegea, na hapo botoksi, ile sindano ya makunyanzi, haikusaidii. Yenyewe hulegeza misuli inayokunja paji la uso na pembe za macho, tena kwa miezi 3 au 4 tu.

Nyuzi za PDO, aina inayoyeyuka mwilini, huisha ndani ya miezi 6 hivi, na mvuto wake mara nyingi haufiki miaka 2. Shavu lililolegea kidogo, sawa. Lililoshuka hasa, utalipa mara mbili tatu halafu uishie kwa kisu kilekile ulichokikimbia. Kwenye operesheni ndogo ngozi huchanwa kuzunguka sikio na kuvutwa, mara nyingi kwa ganzi ya sehemu hiyo tu, na matokeo yake hukaa miaka kadhaa. Shingo haiisaidii sana, hilo ulijue.

Ila ulipotoga masikio, kovu lilivimba? Langu lilitoka kama punje ya muhindi, ndiyo maana mimi nilighairi. Mwambie daktari mapema, maana mkato unapita jirani na hapo. Na kama unavuta sigara, acha wiki 4 kabla. Sigara huipunguzia ngozi damu, na ngozi isiyopata damu vizuri, kidonda chake huchelewa kufunga.